Tatu Iliyogeuzwa Nane

Kengele ya kutoka ilipolia, wenzake walikimbilia uwanjani. Yeye alishika njia ya mpakani, kama alivyofanya jana na juzi na siku zote za mwezi ule.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita, mwembamba kama ufito lakini mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Kabla ya kwenda ofisini kwa mama yake, alipita kwanza kwenye ubao wa matangazo uliokuwa kwenye ukuta wa kituo cha forodha. Alisoma tangazo la siku, akalinakili nyuma ya daftari lake la hesabu, kisha akatembea kando ya malori yaliyopanga foleni kutoka getini hadi kuvuka daraja, akilisoma kwa sauti. Madereva hawakuweza kuacha mizigo yao kwenda kusoma wenyewe. Ndiyo maana walimbandika jina la Redio. Jina likamganda, hata mama yake akawa analitumia.

"Redio! Leo kuna habari gani?" aliuliza dereva mmoja aliyeitwa Kipara, akiwa amelala juu ya turubai chini ya lori lake.

"Kikao kimeahirishwa."

"Hadi lini?"

"Hadi itakapotangazwa tena."

Kipara akafumba macho. "Redio hii ina stesheni moja tu. Hebu mtu aipige kofi kidogo, labda itashika nyingine."

Wachache walicheka. Zamani, yaani wiki mbili zilizopita, wangecheka wote.

Mambo yalianza hivi. Nchi jirani ilidai kwamba vitunguu vilivyokuwa vikivushwa hapa havikulimwa nchini. Ilisema vinaletwa kwa meli kutoka mbali, vinatiwa kwenye magunia ya wakulima wa hapa ili vikwepe ushuru, na vyeti vyake ni vya kughushi. Ikazuia vitunguu vyote. Nchi ya kina Redio ikakasirika, nayo ikazuia sabuni na mafuta ya kupikia ya jirani. Basi zikawa foleni mbili, moja kila upande wa geti. Kamati ya wakubwa wa nchi zote mbili ilitakiwa kumaliza ugomvi. Ilikutana, ikaahirisha. Ikakutana tena, ikabishana siku nzima barua ya nani isomwe kwanza, ikaahirisha.

"Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia," alisema Kipara.

"Afadhali nyasi," ilijibu sauti kutoka lori lililokuwa mbele kidogo. "Nyasi zikiumia huota tena. Vitunguu vyangu vikiota, ndiyo basi."

Sauti hiyo ilikuwa ya mjomba wake Redio, mdogo wake Mama. Alikuwa dereva, na siku hiyo, tarehe kumi na tisa, ilikuwa siku yake ya kumi na sita kwenye foleni. Redio alimsalimia. Mjomba aliitikia bila kuinua kichwa. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kabini, amevua viatu, akiiangalia miguu yake iliyovimba kwa kukaa. Siku kumi na moja zilizopita mkewe, aliyekuwa nyumbani kwao ng'ambo ya mpaka, alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza. Mjomba alimjua mwanawe kwa kilio alichosikia kwenye simu tu.

"Twende kwa mama yako," alisema hatimaye. "Nina bahasha ya karatasi zangu. Anataka kuzipitia tena."

Ofisi ya Mama ilikuwa chumba kimoja kinachotazamana na geti. Mama alikuwa wakala wa forodha: kazi yake ilikuwa kuwaandalia madereva karatasi zao, kuzipigia muhuri wa ofisi yake, na kuzipeleka kituoni. Kulikuwa na meza moja, benchi la wateja, kabati la mafaili lisilofunga vizuri, na feni iliyozunguka ikiamua. Tangu foleni ianze, mafaili yalishuka kabatini yakajipanga sakafuni. Mama naye alikuwa kama ofisi yake. Macho yalikuwa mekundu, na kilemba alikifunga upande upande bila kujitazama kwenye kioo.

"Kaa, mdogo wangu. Redio, nisomee. Mimi maandishi yananichezea."

Redio alifungua bahasha ya Mjomba, akatoa cheti cha ukaguzi wa mazao. Bila cheti hicho, kinachothibitisha kwamba vitunguu vimekaguliwa na ni vya wakulima wa hapa, hakuna lori lililoruhusiwa kuvuka.

"Kimetolewa tarehe tatu," alisoma. "Kinatumika kwa siku kumi na nne."

Mama alihesabu kwa vidole. Redio naye alihesabu. Cheti kilikuwa kimekwisha muda tangu juzi.

"Dada," alisema Mjomba, "usiniambie."

"Itabidi urudi ulikopakia, ukachukue kingine."

"Siku nzima kwenda, siku nzima kurudi. Na yule mkaguzi wa mazao anafika ofisini mara mbili tu kwa wiki. Lori nimwachie nani? Magunia nimwachie nani?" Hakuwa na hasira. Aliongea kama mtu anayesoma orodha. Kisha alijinyoosha kwenye benchi, akajifunika uso kwa kofia. "Nimechoka, dada. Nimechoka hadi kwenye mifupa."

Mama aliinuka kwenye kiti. Alikusanya mafaili ya wateja wengine, akayakumbatia kifuani, akatoka kuyapeleka kituoni kabla hakujafungwa.

Redio alibaki mezani na cheti mbele yake. Feni ilisimama, ikafikiri, ikazunguka tena. Aliitazama ile tatu. Iliandikwa kwa kalamu ya bluu, imenona, na mikia yake miwili imejikunja kwa ndani kana kwamba inataka kujifunga yenyewe. Ilikuwa imebakiza kidogo tu kuwa nane. Aliwaza jinsi Kipara alivyoacha kucheka. Aliwaza miguu ya Mjomba. Aliwaza mtoto mchanga ambaye baba yake hajamwona, na wale wakubwa wa kamati wanaoahirisha vikao na kwenda zao kulala kwenye vitanda vyao. Nani angeumia?

Kalamu ya bluu ilikuwa mkononi. Mistari miwili mifupi, na tatu ikawa nane.

Mama aliporudi, Redio alimwambia haraka haraka, kabla ulimi haujamkataa, "Mama, nilisoma vibaya. Ni nane, si tatu. Cheti kiko hai mpaka tarehe ishirini na mbili."

"Nane?" Mama alisogeza karatasi usoni, akaikazia macho, akayafikicha. Nje kulikuwa na madereva watatu wanamwita. "Afadhali jamani. Angalau jambo moja." Akapiga muhuri.

Kwenye benchi Mjomba aliinua kofia, akafungua jicho moja.

"Nane?" aliuliza.

Redio alitikisa kichwa kukubali. Mjomba alimtazama kidogo, muda uliotosha Redio kuona aibu, kisha akarudisha kofia usoni.

"Nane, basi," alisema.

Kesho yake ubao ulikuwa na tangazo jipya. Redio alilisoma mara tatu kabla ya kuamini. Alikimbia njia nzima, begi likimpigapiga mgongoni.

"Wamekubaliana!" alipaza sauti. "Wamekubaliana kujaribu! Kesho asubuhi malori kumi yataruhusiwa kuvuka. Kumi yenye vyeti ambavyo havijaisha muda. Yakivuka salama, mengine yatafuata!"

Madereva walitoka chini ya malori kama siafu waliomwagiwa maji. Orodha ya yale malori kumi ilikuwa mwishoni mwa tangazo, na namba sita lilikuwa lori la Mjomba. Malori mengi ya mbele yake vyeti vyake vilikuwa vimekwisha muda. La kumi na moja, la akiba, lilikuwa la Kipara, ambaye wiki iliyopita alikubali kuhangaika, akarudi alikopakia na kuleta cheti kipya.

Mjomba alinyoa ndevu kwa kioo cha pembeni cha lori. Alifuta vumbi la kioo cha mbele. Alitoa shati moja lililobaki safi, akalitundika dirishani lipigwe upepo, na kwa mara ya kwanza Redio alimsikia akipiga mluzi.

"Kesho kutwa nitambeba mwanangu," alimwambia. "Nimbebe vipi? Nimesahau hata kubeba sufuria."

Redio alijaribu kucheka. Kicheko kikatoka kama kikohozi.

Jioni, mama na binti walikula mapema mlangoni, kwenye mwanga wa mwisho. Mama alikula taratibu, mkono ukipumzika kila baada ya matonge mawili.

"Kesho ndiyo kesho," alisema. "Wametuma mkaguzi wao, yule wa upande wa pili. Amekuja na nakala za vyeti vyote kutoka ofisi ya mazao. Atalinganisha karatasi moja moja mbele ya Mkuu wa Kituo."

Redio akalirudisha tonge kwenye sahani. "Kila cheti kina nakala?"

"Kila kimoja, mwanangu. Na Mkuu ametuambia mawakala wote waziwazi: walianza ugomvi huu kwa kusema karatasi zetu ni za kughushi. Wakipata moja tu ya kughushi, moja, watafunga faili na kwenda zao. Malori sitini na mawili yatakaa hapa mpaka vitunguu viwe bustani." Alisukuma sahani. "Ila mimi sina wasiwasi. Zangu nimezipigia muhuri mwenyewe."

Redio aliosha vyombo bila kujua anaosha nini. Aliwaza kukiiba kile cheti na kukichana, aseme kimepotea. Aliwaza kunyamaza na kuomba kwamba mkaguzi awe na macho mabovu kama ya Mama. Kila njia aliyoiwaza ilimpeleka kwenye uongo mwingine, na nyuma ya huo ulikuwepo mwingine tena. Alilala usingizi wa mang'amung'amu. Kulipopambazuka alimkuta Mama anafunga kilemba, leo mbele ya kioo, leo vizuri. Hapo ndipo alipopiga moyo konde.

"Mama, ilikuwa tatu."

"Nini ilikuwa tatu?"

"Cheti cha Mjomba. Sikusoma vibaya. Niliigeuza mimi."

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. Mikono yake ilibaki juu kichwani imeshika ncha za kilemba, kisha ikashuka, na kilemba kikashuka nacho. Alikaa kitandani.

"Lori lilifika tarehe nne," alisema polepole, kama anayejisemea. "Limeandikwa hivyo kwenye daftari la foleni. Cheti cha tarehe nane kililifikiaje? Mtoto mdogo angeona. Mimi nimefanya kazi hii miaka kumi na tano, na nimepiga muhuri."

"Nilimwonea huruma Mjomba."

"Najua. Vaa viatu."

Walimkuta Mjomba amevaa shati lake safi, injini ya lori inanguruma. Mama alimtazama Redio, na Redio akaelewa kwamba hakuna atakayemsemea. Alisema yote, akiangalia gurudumu. Alipomaliza, Mjomba alizima injini.

"Unajua umenifanya nini?" aliuliza. "Nina mtoto nyumbani! Jana nimempigia mama yake, nimemwambia aniwekee maji ya kuoga! Leo nimwambie nini?"

Alishuka, akalizunguka lori mara moja, akipiga ngumi kila gunia aliloweza kulifikia. Redio alisimama pale pale, machozi yakimtiririka, hakuyafuta. Mjomba alipomaliza mzunguko, hasira zilikuwa zimemwishia. Alishika kioo cha pembeni akakiegemea.

"Mimi nilijua," alisema chini chini, akimwambia dada yake. "Nilipakia tarehe mbili, nikakabidhiwa bahasha tarehe tatu. Nilijua hakuna nane yoyote. Nilitaka tu iwepo." Akamgeukia Redio. "Haya. Panda. Tulitoe kwenye mstari kabla hawajaanza kuita namba."

Ofisi ya Mkuu wa Kituo ilinuka karatasi na chai iliyopoa. Mkuu alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Pembeni yake aliketi mkaguzi wa nchi jirani, mwanamume mrefu mwenye koti lililokunjamana, na mbele yake rundo la nakala.

"Shikamooni," alisema Redio. Walipoitikia, aliweka cheti mezani. "Hiki ni cha lori namba sita. Tarehe yake ni ya uongo. Niliibadilisha mimi. Mama hakujua, na aliyekitoa hakujua."

Mkaguzi alivuta rundo lake, akapekua hadi nakala ya sita, akaiweka kando ya cheti. Tatu na nane zikatazamana.

"Hii ningeiona," alisema. "Ningeiona kabla chai haijapoa." Alijisugua paji la uso. "Nilikuwa nimeshajiambia: nikipata moja, nafunga faili, narudi kwetu. Wiki ya tatu hii sijalala kitandani kwangu. Sitaki kusema uongo, nilikuwa natamani niipate."

"Na sasa umeipata," alisema Mkuu kwa uangalifu.

Mkaguzi aliinua macho. Alimtazama Mama, akamtazama Mjomba aliyesimama mlangoni na shati lake safi, akamtazama tena mtoto.

"Hapana," alisema. "Sijaipata mimi. Wameileta wao. Katika ripoti yangu nitaandika hivyo: karatasi moja ilikuwa na kasoro, na wenyewe waliitoa kabla ya ukaguzi. Nimekagua mipaka mitatu, sijawahi kuandika sentensi hiyo." Alipanga nakala zake upya. "Tuendelee. Namba sita imeondolewa. Nani wa akiba?"

Mkuu alimgeukia Mama. "Muhuri wako utakaa kwenye kabati langu wiki mbili. Umepigia kitu usichokisoma."

"Ni haki," alisema Mama, akautoa mkobani. Aliuweka mezani mbele ya Mkuu.

"Na wewe, dereva, kalete cheti kipya. Foleni yako utaishika hapo hapo ulipo, lakini bila karatasi sahihi sikuvushi."

Malori kumi yalivuka asubuhi ile. La mwisho lilikuwa la Kipara. Alipita akiwa ametoa kichwa chote dirishani, lakini alipomwona Mjomba kando ya barabara hakupiga honi. Aliinua mkono tu, akaushusha taratibu.

Mjomba alipanda gari la abiria siku hiyo hiyo kurudi alikopakia. Kabla ya kuondoka alimpita Redio kama hakumwona. Alimpa Mama ufunguo wa lori, akaenda.

Sasa Redio alikuwa na kazi nyingine baada ya shule. Bado alisoma matangazo, kwani madereva walimhitaji, ingawa wawili watatu walikunja uso alipopita. Habari huenda mbio. Akishamaliza kusoma, alipanda kwenye lori la Mjomba, akafungua turubai hewa iingie, akafungua gunia moja moja. Aliingiza mikono ndani akipapasa vilivyolainika. Kitunguu kimoja kilichooza huozesha kumi vilivyo jirani yake, na harufu yake huingia hata kwenye nywele. Alitoa vilivyooza, akavitia kwenye ndoo, akafunga gunia, akahamia la pili. Siku ya kwanza alimaliza magunia saba. Usiku mikono ilimwasha, darasani wenzake wakasogea mbali na dawati lake. Siku ya pili Mama, ambaye hakuwa na muhuri wala wateja, alipanda lorini naye, wakakaa wakichambua.

"Mama, hao wakubwa wanachelewa kwa nini?" aliuliza Redio siku ya tatu. "Si wangekaa siku moja wakamaliza?"

"Kila mmoja anamngoja mwenzake akubali kosa kwanza," alisema Mama, akirusha kitunguu ndooni. "Mnaposusiana darasani, nani huanza kusema?"

"Hakuna."

"Basi. Nao wameshakuwa watu wazima, ila kiburi hakizeeki."

Siku hiyo, tarehe ishirini na nne, tangazo lilikuja. Halikuwa la shangwe. Lilisema kwamba baada ya ripoti ya mkaguzi, vitunguu vyenye vyeti halali vitaruhusiwa kuvuka, malori kumi na mawili kwa siku. Sabuni na mafuta ya jirani vitaruhusiwa wiki ijayo. Na kamati itaendelea na mazungumzo juu ya mambo yaliyobaki. Redio alilisoma njia nzima. Madereva walisikiliza hadi mwisho, wakashukuru, wakarudi kulala. Walikuwa wamechoka hata kufurahi.

Mjomba alirudi siku ya pili yake, vumbi mpaka kwenye kope, cheti kipya mfukoni. Alikuta malori yakisogea, mdogo mdogo, kama mtu anayenyoosha mguu uliokufa ganzi. Alipanda nyuma ya lori, akafungua gunia, akaingiza mkono. Akafungua la pili. Vitunguu vilikuwa vikavu, vigumu, vimepungua. Alihesabu magunia matupu yaliyokunjwa vizuri pembeni. Robo ya mzigo ilikuwa imekwenda. Robo tatu zilikuwa zimebaki, na bila kuchambuliwa zisingebaki.

"Nani kachambua?" aliuliza.

Mama alimwonyesha kwa kidevu. Redio alificha mikono nyuma.

"Lete nione," alisema Mjomba. Aliigeuza viganja juu, akaona michubuko na ngozi iliyokauka, akairudisha taratibu. Jioni hiyo alimwita aje ale naye kwenye ngazi ya kabini, na mtoto wa kwenye simu alipolia, alimsogezea Redio simu sikioni.

Zamu ya Mjomba ilifika tarehe ishirini na saba, siku yake ya ishirini na nne pale mpakani. Ilikuwa asubuhi, Redio amevaa sare ya shule, Mama amesimama karibu naye. Mbele yao lori moja tu lilikuwa linakaguliwa. Mjomba aliinama dirishani.

"Redio, nilikukasirikia sana. Sitakuficha."

"Ninajua, Mjomba. Nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Nami nina langu la kuombea msamaha: nilifumba jicho nikiwa mtu mzima. Nilikuwa na safari ndefu ndani ya lile gari la abiria, nikawaza sana. Nikaitazama foleni hii tangu mwanzo wake." Alionyesha nyuma kwa kidole gumba. "Hii foleni haikuletwa na malori. Imeletwa na watu wasioaminiana. Huyu anasema karatasi zako za uongo, yule anasema maneno yako ya uongo, basi kila kitu kikaguliwe mara tatu, kila barua ijibiwe kwa barua. Uongo mmoja mdogo, hata wa huruma, unaongeza lori moja kwenye foleni. Ukweli nao, hata ukiuma, unalipunguza. Wewe ulifanya yote mawili ndani ya wiki moja. Nimeuona wa kwanza ulivyonichelewesha siku sita. Na nimeona wa pili ulivyowavusha watu sitini. Kuchoka kila mtu huchoka, mwanangu. Ila ukichoka, kaa chini, lia, lala. Usishike kalamu."

Getini walipunga mkono. Mjomba aliwasha injini, lori likajivuta, likapita chini ya kizuizi kilichoinuliwa, likaingia upande wa pili. Walilitazama mpaka lilipokata kona. Mama akashusha pumzi ndefu, ya mwezi mzima.

"Haya, Redio," alisema, akimfuta vumbi begani. "Twende. Nimemwandikia mwalimu wako barua, kwamba umechelewa kwa sababu ulikuwa unamuaga mjomba wako."

"Umeandika ukweli huo tu?"

"Huo tu," alisema Mama. "Isome mwenyewe kabla hujampa."

Redio akaifungua, akaisoma neno kwa neno huku wakitembea.